Uteuzi wa Visikizi kwa Mwanafunzi Avaaye Shimesikio

Utangulizi

Somo la kusikiliza ni sehemu muhimu ya kufundisha lugha katika shule ya msingi. Kwa miaka mingi somo hilo lilitegemea redio moja iliyowekwa juu ya meza ya mwalimu. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, walimu wa Tanzania waligawiwa vishikwambi vilivyotumika katika kazi hiyo. Mwenye kishikwambi aweza kumpa mwanafunzi visikizi, yaani zile hedifoni za kuvaa masikioni, ili asikilize hadithi kwa utulivu.

Kwa mtoto mwenye usikivu mzuri jambo hili ni jepesi. Lakini kwa mtoto avaaye shimesikio, yaani kile kifaa kidogo cha kukuza sauti, visikizi visivyofaa vyaweza kumnyima somo zima huku mwalimu akidhani kwamba anasikiliza. Mtoto huyo huulizwa maswali ya hadithi ambayo haikumfikia, hupata alama mbili katika kumi, na kabla ya muhula kwisha amekwisha kuhesabiwa miongoni mwa watoto wazito. Hivyo upungufu wa chombo hugeuzwa kuwa upungufu wa akili. Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwanachuo namna ya kuuzuia udhalimu huo.

Shimesikio hupokea sauti wapi?

Shimesikio ina sehemu kuu nne: maikrofoni inayopokea sauti, kikuzio kinachoiongezea nguvu, spika ndogo inayoipeleka ndani ya sikio, na betri. Sauti isiyopita katika maikrofoni haikuzwi. Kwa hiyo, kabla ya kuchagua visikizi, hapana budi mwalimu ajue maikrofoni ya shimesikio ya mwanafunzi wake iko mahali gani.

Ziko aina mbili zinazoonekana zaidi. Aina ya kwanza hukaa nyuma ya sikio, na maikrofoni yake iko juu, pale sikio linapoungana na kichwa. Mrija au waya mwembamba hushuka hadi kwenye kizibo kilichomo katika tundu la sikio. Aina ya pili hukaa ndani ya sikio lenyewe, na maikrofoni yake iko kwenye uso wa nje wa kifaa, mdomoni mwa tundu la sikio.

Aina za visikizi

1. Visikizi vya kutumbukiza. Hivi huingizwa katika tundu la sikio, mahali ambapo kizibo au shimesikio yenyewe imekwisha kukaa. Kuvitumia ni kumlazimisha mtoto avue shimesikio, na kwa kawaida sauti itakayobaki haitamtosha. Visitumike.

2. Visikizi vya kukalia sikio. Hivi vina sifongo ndogo inayolala juu ya sikio. Vyaweza kumfaa mwenye shimesikio ya ndani, kwa kuwa sauti huangukia maikrofoni moja kwa moja. Kwa mwenye shimesikio ya nyuma ya sikio, sauti huelekezwa kwenye kizibo, nayo maikrofoni hubaki nje. Wakati mwingine yatosha kuvisogeza juu kidogo ili sifongo iwe karibu na maikrofoni. Hata hivyo, vikibana huumiza sikio.

3. Visikizi vya kufunika sikio lote. Hivi vina vikombe vipana vinavyozunguka sikio. Kikombe kikiwa kipana na chenye kina cha kutosha kulifunika sikio pamoja na shimesikio iliyo nyuma yake, sauti hujaa ndani ya kikombe na kuifikia maikrofoni. Kwa watoto wengi wenye shimesikio ya nyuma ya sikio, hivi ndivyo vya kujaribiwa kwanza.

4. Visikizi vya mfupa. Hivi hukaa mbele ya sikio na kutikisa mfupa wa kichwa. Ingawa huacha tundu la sikio wazi, sauti yake haipiti katika shimesikio wala haikuzwi nayo. Vyaweza kumsaidia mtoto ambaye tatizo lake liko katika sikio la nje au la kati, lakini havitoshi pale ambapo sikio la ndani limedhoofika sana. Mtaalamu wa usikivu aulizwe kwanza.

Tena, ziko shimesikio zisizohitaji visikizi kabisa. Baadhi zina koili ndogo, ambayo aghalabu hutambulishwa kwa herufi T. Mtoto huvaa kitanzi cha waya shingoni, kitanzi huunganishwa na kishikwambi, na koili hupokea mawimbi ya sumaku badala ya kelele za darasani. Nyingine hupokea sauti kutoka kwenye simu au kishikwambi kwa njia ya bluetooth. Kabla ya shule kununua chochote, mzazi aulizwe kama shimesikio ya mwanawe ina uwezo huo.

Mluzi

Pengine mtoto akivaa visikizi husikika mluzi mkali. Wenzake hucheka, naye hufadhaika na kuizima shimesikio. Mwalimu asimkemee, kwani mluzi una sababu yake. Sauti iliyokuzwa huvuja kutoka sikioni, hugonga kikombe cha kisikizi, hurudi kwenye maikrofoni na kukuzwa tena. Kwanza, kikombe kisogezwe mbele, nyuma, au mbali kidogo na sikio. Hilo lisipofaa, vijaribiwe visikizi vyenye kikombe chenye kina zaidi. Mluzi ukiendelea hata visikizi vikivuliwa, huenda kizibo hakikai vizuri kwa sababu mtoto amekua, au tundu la sikio limejaa nta. Mtoto huyo apelekwe kwa mtaalamu. Kuzima shimesikio kusihesabiwe kuwa dawa ya mluzi.

Kiasi cha sauti

Ikumbukwe kwamba shimesikio huongeza nguvu juu ya sauti inayotoka kwenye visikizi. Sauti ya kishikwambi ianzie chini kabisa, kisha ipandishwe polepole hadi mtoto aseme inatosha. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha usikilizaji salama kwa watoto kuwa desibeli 75 kwa muda usiozidi saa 40 kwa wiki. Mwalimu hana chombo cha kupima desibeli zinazofika ndani ya sikio la mtoto, kwa hiyo vipindi viwe vifupi, na mtoto akilalamika maumivu au mvumo masikioni, visikizi viondolewe mara moja.

Iwapo mtoto hutumia sikio moja tu, kishikwambi kiwekwe ili sauti ya pande zote mbili itoke kwa pamoja, asije akakosa maneno yaliyorekodiwa upande wa pili.

Jaribio la sauti sita

Visikizi vyema hujulikana kwa kujaribiwa. Daniel Ling, mtaalamu wa kufundisha watoto viziwi, aliacha jaribio jepesi la sauti sita: m, u, a, i, sh, s. Sauti hizo huanzia zilizo nzito na kuishia kwenye zilizo nyembamba, na zote zimo katika Kiswahili. Hatua zake ni hizi:

(a) Hakikisha betri inafanya kazi na shimesikio imewashwa.
(b) Simama nyuma ya mtoto, kiasi cha mita moja, asiione midomo yako. Tamka sauti hizo kwa mpangilio uliochanganywa, ukinyamaza kwa vipindi visivyolingana. Mtoto arudie kila anachosikia.
(c) Rekodi sauti hizo hizo katika kishikwambi, umvishe visikizi bila kuvua shimesikio, kisha urudie jaribio.
(d) Linganisha matokeo.

Mtoto akitambua sauti zote sita bila visikizi, na nne tu akiwa amevaa visikizi, basi visikizi vibadilishwe au visogezwe. Aghalabu sauti zinazopotea ni s na sh, ambazo ni nyembamba na hafifu. Endelea kwa maneno kama pika, fika, shika na zika. Mtoto asikiaye irabu peke yake huyaona maneno hayo manne kuwa neno moja, na maana ya hadithi humpotea.

Mambo mengine ya kuzingatia

Sifongo za visikizi zifutwe kila baada ya kutumiwa, na mtoto anayetokwa na usaha sikioni asivishwe visikizi bali apelekwe kituo cha afya. Mwalimu asitoe maelezo wakati mtoto amevaa visikizi. Asimamishe hadithi kwanza, amtazame, ndipo aseme. Picha au maandishi ya hadithi yawekwe mbele yake, kwa kuwa sauti iliyorekodiwa haina midomo ya kutazamwa.

Kama hakuna visikizi vinavyofaa, mwalimu asione haya kuviacha. Amkalishe mtoto karibu, mbali na dirisha lenye kelele, amsomee hadithi uso kwa uso. Shabaha ya somo ni mtoto aielewe hadithi, na alama yoyote ya kusikiliza isiandikwe kabla mwalimu hajathibitisha kwamba sauti ilimfikia mtoto.

Maswali ya kujadiliwa

1. Eleza kwa nini visikizi vinavyomfaa mwenye shimesikio ya ndani ya sikio vyaweza kutomfaa mwenye shimesikio ya nyuma ya sikio.
2. Wakati wa mazoezi ya kufundisha, mwanafunzi wako anazima shimesikio kila apewapo visikizi. Taja sababu tatu zinazowezekana, na hatua utakayochukua kwa kila moja.
3. Tunga orodha ya maneno kumi ya Kiswahili yanayotofautiana kwa konsonanti moja tu, yafaayo kwa jaribio la kusikiliza.