Filamu Inanong'ona, Halafu Inalipuka!

Hebu vuta picha. Umekaa na wenzako mnaangalia filamu kwenye kompyuta. Nje mvua inapiga bati, si unajua Nachingwea na Ruangwa mwezi wa kwanza! Mhusika ananong'ona, hamsikii kitu. Mnaongeza sauti hadi mwisho. Ghafla, bomu! Wote mnaruka. Imeshakutokea?

KWA NINI INAKUWA HIVYO?
Filamu nyingi hutengenezewa ukumbi wa sinema, wenye utulivu na spika kubwa. Humo hata mnong'ono unasikika. Tena, mara nyingi maneno ya wahusika hupewa spika yake ya katikati. Kompyuta yako ina spika mbili tu, kwa hiyo maneno yanabanwa pamoja na muziki na vishindo.

HATARI IKO WAPI?
Ndani ya kila sikio kuna seli ndogo zenye vinyweleo, kama 16,000 hivi. Kelele huzilaza kama nyasi zilizokanyagwa. Zikipumzika, nyingi huinuka. Zikifa, hazioti tena. Hakuna dawa ya kuzirudisha.

Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 unaweza kuisikiliza saa 40 kwa wiki. Ikifika 90, ni saa 4 tu. Ikifika 100, ni dakika 20 kwa wiki nzima! Kwa hiyo tatizo kubwa si lile bomu moja. Ni kuacha sauti juu filamu nzima, kila siku, hasa kwa hedifoni.

FANYA HIVI
1. Kama unatumia programu ya VLC, fungua menyu ya zana, nenda kwenye efekti za sauti, washa kompresa. Weka kizingiti kwenye desibeli -20 na uwiano 4 kwa 1. Maana yake, kishindo kilichozidi kizingiti kwa desibeli 16 sasa kitazidi kwa 4 tu. Bomu linashuka, mnong'ono unabaki palepale. Sasa ongeza sauti kidogo, utasikia vyote.
2. Washa maandishi ya chini ya picha.
3. Ukivaa hedifoni, usizidishe asilimia 60 ya sauti. Zivue mara kwa mara, upumzike.
4. Kwenye kibanda umiza, usikae karibu na spika.

USINYAMAZE
Masikio yakivuma baada ya filamu, hilo ni onyo. Yakiendelea kuvuma, au ukianza kumsikia mwalimu kama yuko mbali, nenda kituo cha afya. Mwambie na mwalimu akusogeze mbele. Wapo wanafunzi wanaoitwa wakaidi, kumbe hawasikii tu.

JADILINI DARASANI
Nani kati yenu masikio yake yamewahi kuvuma? Alikuwa wapi, na alifanya nini?