Kihisi cha Mtetemo: Ukifunge Wapi, Ukisome Vipi

Ni nadra beringi kufa ghafla. Mara nyingi mtetemo wake hubadilika wiki kadhaa kabla, joto na kelele huja baadaye. Fundi mzoefu anayeegemeza bisibisi sikioni ataisikia, ila kipuri kinachoagizwa ng'ambo huenda kisiwahi. Kihisi kisichotumia waya hukupa zile wiki za mwanzo. Ni kidude cha betri kinachopima mtetemo na joto, kisha kurusha vipimo kwa redio hadi kwenye kipokezi ukutani, na kutoka hapo hadi kwenye kompyuta au simu.

Usinunue vya kiwanda kizima. Anza na mashine zisizo na pacha, zile zikisimama kazi yote inasimama: feni ya boila, kompresa, pampu kuu ya maji. Mota ndogo ambayo ya akiba yake iko stoo, iache ife siku yake ikifika.

Wengi huharibu kwenye kufunga. Kihisi kinakaa juu ya nyumba ya beringi, si kwenye bati la kufunikia feni, ambalo hutetema kivyake na kukupa takwimu za uongo. Kwangua rangi, futa mafuta. Boli ni bora kuliko gundi, na gundi ni bora kuliko sumaku, kwa kuwa sumaku hupoteza mitetemo ya kasi kubwa, na humo ndimo beringi inayoanza kuchubuka hujionyesha.

Kwa mota ya kilowati 15 hadi 300 iliyofungwa kwenye msingi mgumu, kiwango cha kimataifa ISO 10816-3, ambacho mwaka 2022 nafasi yake ilichukuliwa na ISO 20816-3, huanza kutia shaka mtetemo ukipita milimita 2.8 kwa sekunde, ukipita 4.5 ni hatari. Lakini mimi ningehofia zaidi mota iliyopanda kutoka 1.0 hadi 2.2 ndani ya wiki mbili kuliko ile iliyokaa kwenye 3 miaka yote. Kwa hiyo rekodi kwanza mashine ikiwa nzima, na ulinganishe ikiwa na mzigo uleule.

Mota ya ncha nne kwenye umeme wa hezi 50 huzunguka karibu mara 25 kwa sekunde. Mtetemo ukilingana na mzunguko huo, kagua uchafu kwenye mapanga ya feni. Ukiwa mara mbili yake, kagua kama shafti zimenyooka kwenye kaplingi.

Kutuma kila dakika humaliza betri. Kwa pampu ya kawaida, kila saa inatosha. Ndiyo maana kihisi hiki hakichukui nafasi ya kinga ya waya inayozima tabo papo hapo. Jaribu pia mawimbi kabla ya kulipa, maana matangi na kuta za bati huyazuia, na mdai muuzaji cheti cha idhini ya chombo cha redio, kutoka TCRA kwa Tanzania au CA kwa Kenya.

Tahadhari itumwe kwa fundi wa zamu anayejulikana kwa jina. Na beringi ikitolewa, usiitupe: ikate, tazama njia ya gololi, kisha ilinganishe na grafu.