Kufundisha Maana ya Mkataba kwa Mfano wa Safari

Wanafunzi wengi wa madarasa ya juu ya shule ya msingi hulikariri neno "mkataba" bila ya kulielewa. Hudhani kuwa mkataba ni karatasi yenye mihuri, itiwayo sahihi na wakubwa. Katika makala haya tunapendekeza kisa kimoja cha kweli ambacho mwalimu aweza kukitumia kuiondoa dhana hiyo.

Kisa

Mwishoni mwa mwaka 1969 wakili mmoja wa Uingereza alikwenda Uswisi kwa mapumziko ya siku 15, yaliyopangwa na kampuni ya safari kwa malipo ya paundi 63.45. Kijitabu cha matangazo cha kampuni kilimwahidi wageni wenzake wa kustarehe nao, mwenye hoteli ajuaye Kiingereza, na jioni ya nyimbo za milimani. Wiki ya kwanza alikuta wageni 13 tu. Wiki ya pili akabaki peke yake. Mwenye hoteli hakujua Kiingereza. Mwimbaji alifika na nguo zake za kazi, akaimba nyimbo chache upesi upesi, akaenda zake.

Wakili alishtaki. Mahakama ya kwanza ilimpa paundi 31.72, yaani nusu ya malipo yake. Mwaka 1972 Mahakama ya Rufani, Lord Denning akiwa miongoni mwa majaji, ikampa paundi 125. Kesi hii huitwa Jarvis dhidi ya Swans Tours. Sababu ya uamuzi ni nyepesi kueleweka: mtu huyu alinunua furaha ya mapumziko, na furaha hiyo hakuipata.

Hatua za somo

1. Mwalimu asimulie kisa mpaka mahali pa kushtaki, kisha anyamaze.

2. Achore ubaoni safu mbili: "Kilichoahidiwa" na "Kilichotolewa". Wanafunzi wazijaze wenyewe.

3. Aulize: "Mtu huyu alipoteza nini?" Huenda wengine wakasema kwamba alisafirishwa, akala na kulala, basi hana dai. Mwalimu asiwakatize. Waache wajadiliane, ndipo awaeleze uamuzi wa mahakama zote mbili.

4. Wanafunzi walete tiketi za basi zilizokwisha kutumika. Wasome tarehe, saa, nauli na masharti, kisha waseme msafirishaji ameahidi nini, na abiria naye anawajibika kwa nini.

Maelezo kwa mwalimu

Mwaka 1990 Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya ilitoa mwongozo wa kisheria juu ya safari zinazouzwa kwa jumla, yaani usafiri, malazi na huduma nyingine kwa bei moja. Mwaka 2015 Umoja wa Ulaya uliubadili kwa mwongozo mpya. Msingi wake ni kwamba aliyeandaa safari huwajibika kwa safari nzima, hata kama hoteli au gari ni mali ya mtu mwingine. Sheria hizo ni za huko. Kwetu Tanzania iko Sheria ya Mikataba, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Mwalimu asiwaambie watoto kuwa hukumu ya Uingereza ni amri hapa. Ni mfano wa kufikirisha.

Jambo hili linatuhusu sisi walimu pia. Shule inapopanga ziara ya mafunzo, mwalimu ndiye anayekodi basi kwa fedha za wazazi. Akiridhika na maneno ya mdomo, siku basi lisipofika hatakuwa na cha kuonyesha. Hana budi kuandikiana na mwenye basi: tarehe, saa, idadi ya viti, malipo, na fedha zitarudishwaje safari ikivunjika. Stakabadhi aitunze.

Zoezi

Wanafunzi, katika vikundi, waandike mapatano ya kukodi basi la ziara ya shule. Kila kikundi kisome mapatano ya kingine na kutafuta ahadi iliyosahauliwa. Mwanafunzi akiweza kuigundua, ameelewa mkataba ni nini.