KUFUFUA UA WA MITI ULIOACHWA BILA KUKATWA

Ua wa miti uliokatwa vizuri hupendeza mbele ya nyumba, tena huzuia mbuzi wasiingie shambani. Ukiachwa miaka kadha wa kadha hurefuka juu, na chini hubaki vijiti vitupu vyenye mianya. Usiung'oe, wala usiukate kwa haraka. Kwanza utambue mti wako, kwa kuwa tabia za miti hazifanani.

1. Mchongoma na kaiyaba. Asili ya kaiyaba ni Afrika ya Kusini, upande wa mto Kei. Miti hii huchipua hata katika shina kuukuu. Kwangua gome kidogo kwa kisu; ukiona kijani chini yake, mti u hai. Mvua ya masika ikikaribia, kata upande mmoja wa ua mpaka karibu na mashina, na kimo ukipunguze kifike kifuani. Upande wa pili uuache mpaka mwaka ujao, ili mti uwe na majani ya kujilisha na mbuzi wasipate njia. Kisha palilia, utie samadi iliyooza, lakini isiguse mashina. Miiba iliyokatwa ikusanywe yote, isichome miguu ya watoto.

2. Msaipresi. Tawi la mti huu likikatwa mpaka mahali pasipo jani bichi, halichipui tena kamwe. Basi kata ncha za kijani tu, kidogo kidogo, kila mwaka. Pengo lililokwisha kuwa wazi halizibiki kwa kukata. Chimba shimo, tia samadi, upande mche wa mchongoma. Tena ukiona matawi yanakauka, yenye weusi na utomvu wa kunata, yamkini ni vidukari vya msaipresi, walioonekana Kenya mwaka 1990. Hapo mwite bwana shamba kabla ya kukata.

3. Umbo. Machipukizi yakifika shubiri moja, yakate nusu, yapate kutoa matawi mengi. Funga kamba kati ya vigingi viwili, uifuate unapokata. Chini pawe papana kuliko juu. La sivyo majani ya juu yatayanyima ya chini mwanga, na mianya itarudi.

Kazi hii yataka miaka miwili au mitatu. Mwenye kukata msaipresi wote mpaka kwenye vijiti kwa siku moja atapata kuni, lakini ua hatakuwa nao tena.