Aspirini ya Baba Si Lazima Iwe ya Mama

Wasomaji wengi wa mjini wenye wazazi huko Kericho na Bomet huwanunulia dawa pamoja. Baba akiandikiwa aspirini kwa ajili ya moyo, mama naye huwekewa pakiti yake. Kabla ya kufanya hivyo, fahamu jambo hili.

Mchuma majani chai akijikata kidole, damu hutoka kidogo kisha hukoma. Kazi hiyo huanzwa na chembechembe ndogo za damu ziitwazo pleteleti, ambazo hunata penye jeraha na kushikana hadi tundu lizibwe. Mtu mzima huwa nazo 150,000 hadi 450,000 katika maikrolita moja ya damu, na kila moja huishi siku 7 hadi 10. Zikishikana ndani ya mshipa wa moyo au wa ubongo, huleta maafa.

Je, damu ya mwanamke ni sawa na ya mwanamume? La. Huko Kericho kwenyewe, utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliopima damu ya watu wazima wapatao 1,541, ulikuta tofauti za wazi kati ya wake na waume katika chembe nyekundu na nyeupe. Kuhusu pleteleti, tafiti za nchi nyingi zaonyesha kuwa wanawake wanazo nyingi kidogo, tena maabarani hushikana upesi zaidi.

Aspirini huilemaza pleteleti mpaka mwisho wa uhai wake. Ungedhani basi mwanamke ndiye angefaidika zaidi. Sivyo. Kati ya madaktari wanaume 22,071 wa Marekani, matokeo ya mwaka 1989 yalionyesha mishtuko ya kwanza ya moyo ikipungua kwa asilimia 44. Mwaka 2005 yalitoka ya wanawake 39,876 waliofuatiliwa miaka 10: kwa jumla mishtuko ya moyo haikupungua, bali kiharusi kilipungua kwa asilimia 17, na kutokwa damu tumboni kukaongezeka. (Kipimo cha dawa hakikuwa kimoja, kwa hivyo tusizilaumu pleteleti peke yake.)

Siku hizi madaktari hawampi aspirini ya kila siku kila mtu mzima asiye na ugonjwa wa moyo, awe mume au mke. Mwenye hedhi nzito au vidonda vya tumbo ndiye wa kuhofiwa zaidi. Lakini aliyewahi kupata kiharusi au mshtuko wa moyo na akaandikiwa dawa hiyo, asiiache kabla ya kumwuliza daktari wake. Na mzazi akianza kutokwa damu kwenye ufizi, kupata choo cheusi au alama za kuvilia damu bila kugongwa, apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo, na pakiti ya dawa aibebe mkononi.