Kituo cha Watoto Wadogo: Taratibu Ambazo Mzazi Hana Budi Kuzijua

Msimu wa mavuno unapowadia, nyumba nyingi za wakulima hufungwa tangu alfajiri. Baba na mama huelekea shambani, na mtoto wa miaka mitatu huachwa mikononi mwa dada yake wa miaka tisa, ambaye siku hiyo hakwenda shule. Hasara hapo ni mbili: mdogo hana mlezi awezaye kumwokoa akipatwa na jambo, na mkubwa amepokonywa masomo yake. Kwa hiyo kituo cha kulelea watoto wadogo mchana ni suala la kujadiliwa katika Mkutano Mkuu wa chama cha msingi, kama ilivyo bei ya mazao au ugawaji wa pembejeo.

Jambo hili si geni nchini Tanzania. Vituo vya namna hii vilikuwapo tangu enzi za vijiji vya Ujamaa, na mwaka 1981 ilitungwa sheria mahsusi ya kuviongoza. Sheria hiyo ilifutwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo ndiyo inayotumika sasa. Kituo hakina budi kusajiliwa, na mahali pa kuanzia ni kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri. Mzazi aombe kuonyeshwa cheti cha usajili kabla ya kumwandikisha mtoto wake, wala asione haya kufanya hivyo. Mtu anunuaye ng'ombe mnadani hukagua meno. Iweje mtoto akabidhiwe bila ya swali hata moja?

Wanachama wengine huchanganya kituo na darasa la awali. Hivi ni vitu viwili. Darasa la awali limo katika shule ya msingi, nayo Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ililifanya kuwa la lazima kwa mwaka mmoja kabla ya darasa la kwanza. Kituo cha chama humtunza mtoto kabla ya wakati huo. Hakichukui nafasi ya darasa hilo. Mzazi anayedai mwanawe wa miaka mitatu arudi nyumbani na daftari lililojaa herufi anadai kisichostahili. Katika umri huo mtoto hujifunza kwa kuchezea mchanga, kuimba, kusikiliza hadithi na kuhesabu vizibo vya chupa.

Siku ya kuandikisha, mzazi aje na kadi ya kliniki ili mlezi aone kama chanjo zimekamilika, hasa ile ya surua na rubela itolewayo mtoto akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Ayataje pia maradhi ya mtoto na vyakula vinavyomdhuru. Kisha yaandikwe majina ya watu wanaoruhusiwa kumchukua jioni.

Hapo ndipo ugomvi mwingi huanzia. Jirani hufika na kusema ametumwa na mama mtu. Mlezi akikataa, hulaumiwa kuwa ana kiburi. Makatibu wawaeleze wanachama waziwazi kwamba mlezi wa namna hiyo anastahili pongezi. Ambaye jina lake halimo kitabuni hapewi mtoto, hata akiwa mjomba, hata akiwa mwenyekiti wa chama. Mzazi akipata dharura, apige simu yeye mwenyewe kwa kituo na kumtaja mtu anayemtuma. Kadhalika mtoto asikabidhiwe kwa mtu aliyelewa. Katika hali hiyo mlezi amwite ndugu mwingine aliyeandikwa.

Siku za mwanzo ni ngumu. Mama wengi humvizia mtoto ageuke, kisha hutoroka wakidhani wanamwepushia kilio. Kumbe wanamfundisha kwamba mama aweza kutoweka wakati wowote, naye kesho yake hang'oki kwenye kanga. Afadhali mzazi akae naye kituoni saa moja siku ya kwanza, apunguze muda siku zifuatazo, na kila mara aage kwa maneno na kueleza lini atarudi: “Nitakuja ukishaamka.” Halafu arudi kweli wakati huo.

Saa za kazi hutofautiana kwa mahali na msimu, lakini mpango wa siku usiyumbe, kwa sababu mtoto asiyejua kusoma saa huijua siku kwa mfuatano wa mambo. Mathalani, watoto hupokewa kuanzia saa 1:30 asubuhi, nao mlezi huwaangalia mmoja mmoja kama wana homa, vipele au macho mekundu. Hufuata michezo ya nje kabla jua halijawa kali. Saa 4 hunawa mikono kwa maji yanayotiririka na sabuni, wakanywa uji. Baada yake ni hadithi na nyimbo, chakula cha mchana, usingizi, na kurudi nyumbani kuanzia saa 9. Mzazi anayemleta mwanawe saa 5 humkosesha uji na huwavuruga wenziwe.

Unga wa uji na karanga zake vitoke katika nafaka iliyokaushwa vyema na kuchambuliwa. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kutokana na sumukuvu, na sumu hiyo haiishi kwa kupika. Karanga nzima wasipewe watoto wa umri huu, maana huwapalia; zisagwe.

Mtoto mgonjwa abaki nyumbani. Mwenye tetekuwanga asubiri malengelenge yakauke yote. Aliyeharisha asirudi mpaka siku 2 zipite tangu alipopata nafuu. Neno hili huwaumiza wazazi wakati wa mavuno, na si haki kulipuuza. Lakini kuhara kwa mtoto mmoja kwaweza kuwalaza watoto wote wa kituo, na wazazi wao wote wakakosa shamba. Dawa zisitiwe katika mfuko wa mtoto. Akabidhiwe mlezi mkononi, na kipimo kiandikwe.

Fimbo haina nafasi katika malezi ya watoto wa umri huu. Sheria ya Mtoto inakataza adhabu za kikatili na za kudhalilisha, nayo inamtaka mwananchi anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mahali alipo. Mzazi aruhusiwe kuingia kituoni saa yoyote bila ya kubisha hodi mara tatu. Kituo kinachomzuia mzazi langoni kichunguzwe.

Kuhusu ada, makato kutoka malipo ya mazao yafanywe tu kwa ridhaa ya mwanachama na uamuzi wa mkutano ulioandikwa katika muhtasari. Fedha za kituo ziwe na kitabu chake.

Limebaki jambo ambalo vyama vya wakulima vinapaswa kuliogopa kuliko yote. Kwa kuwa ghala ndilo jengo imara kuliko mengine, wajumbe huona vyema kukiweka kituo ubavuni mwake au katika chumba chake kitupu. Wasifanye hivyo. Chumba kilichowahi kuhifadhi dawa za pamba au kahawa hakifai kulaza watoto, hata kikipakwa chokaa. Makopo na madumu ya dawa yasitumiwe kuwa ndoo za maji wala vyombo vya kuchezea. Yasuuzwe mara tatu, yatobolewe na kuondolewa, kwani mtoto wa miaka minne hawezi kusoma alama ya fuvu. Naye mzazi atokaye kupuliza salfa kwenye mikorosho asimpakate mwanawe na nguo zile zile. Aoge na kubadili nguo kwanza, hata kama saa 9 imepita, mlezi atasubiri.