Moyo wa Mwenzi Wako Unapokwenda Mrama

Pengine usiku umewahi kuusikia moyo wa mwenzi wako ukipiga ovyo. Huku kwetu Kwale, toka Diani hadi Msambweni, wengi husema, "Ni mawazo tu," na wengine huanza kutafuta pepo. Mara nyingine ni mawazo kweli, lakini si kila mara.

Moyo una vyumba vinne, na amri ya kila pigo huanzia chumba cha juu cha kulia. Pigo moja likitangulia wakati wake, utahisi kama moyo umeruka. Kwa kawaida hilo halina madhara. Pengine vyumba vya juu hupiga kwa mpango lakini upesi mno, karibu mara 300 kwa dakika. Aina nyingine ya kuhofiwa ni ile ambayo vyumba hivyo hutetemeka tu. Damu hutuama na kuganda, na bonge likifika kwenye ubongo, mtu hupooza.

Sababu ni shinikizo la damu, uzee, tezi ya shingo, na pombe (baba, mnazi nao ni pombe!). Lakini kwetu Afrika kuna sababu inayowapata hata akina mama vijana: mlango wa moyo ulioharibiwa na homa iliyofuata maumivu ya koo yasiyotibiwa utotoni. Mama huyo aweza asijue lolote mpaka apate mimba, damu mwilini iongezeke, aanze kukosa pumzi. Mume, usimwite mkeo mvivu akipumzika mara tatu njiani kutoka kisimani.

Jioni hii shikaneni mikono. Weka vidole viwili chini ya kidole gumba cha mwenzako, uhesabu dakika nzima. Aliyetulia huwa na mapigo 60 hadi 100, yaliyo sawasawa. Yakiwa hayana mpango, nendeni wote wawili hospitali, kama ile ya Msambweni, mkaombe kipimo cha umeme wa moyo.

Mwenye mlango wa moyo uliobana hupewa warfarini, na utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa inamfaa kuliko rivaroksabani, dawa mpya zaidi. Hata hivyo yaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi mitatu ya kwanza. Basi mwambieni daktari kabla hamjatafuta mtoto. Mama asiiache dawa kwa siri, wala mume asimlazimishe kuiacha. Bonge la damu halingoji. Na uso ukienda upande au ulimi ukiwa mzito, tafuteni gari saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane.